Ombi la Kichwa cha Treni kwa Ajili ya Miguu ya Babu

Kindu, tarehe 14 mwezi wa pili

Kwa Bwana Mkuu wa Stesheni,

Mimi Mbelu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, nalalamika kwa heshima kwa niaba ya miguu ya babu yangu, mzee Kasanda, aliyekuwa mfanyakazi wenu. Damu haifiki vizuri miguuni, nayo hukaa baridi kama samaki. Nesi Euphrasie ameagiza tuipashe joto nyumbani, nusu saa kila siku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tunapasha matofali kwenye mbabula, jiko letu la makaa, tunayafunga katika kitenge, nami huyajaribu kwanza kwa kiwiko nisimuunguze. Lakini mbabula ni moja. Miguu ikipata moto, bugali hauivi. Jana mama aliuliza, "Leo tutakula nini, miguu?"

2. Wakati wa vita, treni ziliposimama, babu alilinda kichwa kimoja cha treni miaka mitatu, wima, ili watu wasing'oe vyuma vyake. Chuma kile kilikuwa baridi. Naamini baridi ile ndiyo iliyohamia miguuni mwake. Kwa hiyo ni mali yenu, mje muichukue.

3. Treni ilipofika mwezi wa kumi, babu alikaa nusu saa, miguu karibu na injini. Alirudi bila fimbo! Tangu hapo treni haijaonekana. Dawa ya kila siku inayokuja mara moja kwa miezi minne, Bwana Mkuu, si dawa.

4. Mwalimu Xavier hutufundisha kwamba lalamiko lisilo na pendekezo ni kelele. Napendekeza mlete kichwa cha treni uani kwetu. Kutoka relini ni hatua mia mbili. Njiani kuna jiko la Mama Jeanine tu, naye amekubali libomolewe, mradi goti lake lipewe zamu ya joto kila Alhamisi. Wazee wa Alunguli, ng'ambo ya mto, watavuka kwa mitumbwi waje kupasha miguu yao. Abiria wataendelea kungoja, kwa kuwa wamezoea.

Nasubiri jibu lako nikiwa na matumaini. Utusalimie familia yako, na muuza tiketi, ambaye tunajua amechoka kupumzika.

Mbelu, mjukuu wa Kasanda

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nesi amepita, akashika miguu ya babu na kuikuta ina joto kuliko mwezi uliopita. Anasema matofali yamesaidia kidogo tu. Dawa hasa ni kwamba kila asubuhi babu anatembea hadi kwako kuuliza kama treni imefika, kisha anarudi. Basi nafuta ombi langu lote. Na treni ikifika, tafadhali, usimwambie. Umjibu tu kama kawaida: "Labda kesho, Papa."