Mawe ya Mnara Yaliyokwenda kwa Mwanaisha

Mtaa wa Kwekibula,
karibu na Mlola, Lushoto.
Mei, 1975

Kwa Baba Mkuu wa Jimbo,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Mimi ni Hezekia, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi wa kanisa letu jipya, lile ambalo mpaka sasa lina msingi na heshima tu. Naandika kwa masikitiko kukuarifu kwamba Wakristo wa hapa wameanza kumwamini Mungu bila kusubiri jengo.

1. Masika haya kilima kiliporomoka kikaisomba nyumba ya Mwanaisha, jirani yetu Mwislamu, mjane. Kesho yake niliwakuta Wakristo wakibeba mawe ya mnara wa kanisa letu kwenda kumjengea. Niliwakemea. Raheli, mama anayeongoza kwaya, akanijibu jiwe likiwa kichwani: "Mwenyekiti, Mungu hanyeshewi. Mwanaisha ananyeshewa." Jibu hilo halikupitishwa na kikao chochote.

2. Ibada sasa hufanyika uani kwa huyo Raheli, kando ya zizi. Hakuna kiti cha mbele. Hata hiyo mbele yenyewe haijulikani iko wapi! Jumapili iliyopita niliketi gogo moja na Nikodemo, ambaye zamani kanisa alilijua kwa kulipita tu akienda kunywa boha. Ameacha pombe, na anaomba kwa sauti. Tukiendelea hivi, Baba, tutamhubiria nani?

3. Wanalimiana mashamba, wanawatazama wagonjwa, wanagawana maharage. Katibu wa kijiji alipita akasema, "Huu ndio ujamaa wenyewe." Hakuuliza hata neno moja juu ya mchoro wa mnara, nami nilikuwa nimeukunjua mbele yake kabisa.

4. Mwanaisha alipohamia, aliwapikia wajenzi uji, akasimama mlangoni akatuombea dua. Wakristo wakaitikia Amina. Mimi pia niliitikia, kwa kushtukizwa.

Kwa hiyo naomba utoe agizo. Upendo usimame mpaka paa likamilike. Maombi ya machozi yasubiri vioo vya rangi. Na yeyote anayetaka kuokoka ajiandikishe kwanza kwa Kamati, apangiwe zamu ya mchanga. Imani ikitangulia jengo, siku litakapokwisha tutawaambia watu tulilijenga kwa ajili gani?

Nisalimie Mama, wainjilisti wote, na yule karani wa ofisini ambaye hujibu barua zangu kwa ufupi sana.

Wako katika ujenzi wa Bwana,
Hezekia

Baada ya sahihi: Barua hii ilichelewa kuondoka. Mke wangu Klara alishikwa na tumbo ghafla, na barabara ilikuwa imekatika, gari halipiti. Sikumwita mtu. Walikuja wenyewe, wakambeba kwa machela milimani mpaka hospitali, Lushoto, wakipokezana mabegani na kuimba ili asiogope. Amepasuliwa, anaendelea vizuri. Pale nje ya wodi nilisimama niwashukuru rasmi, kwa niaba ya Kamati. Kabla sijamaliza salamu, Raheli akanipa ndizi ya kuchemsha, akasema, "Keti ule kwanza, Baba. Hujala tangu jana."

Lile agizo nililoomba, tafadhali usilitoe.