Gari la Baba Halina Pistoni

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe ametoa hukumu wakati wa chai. Gari la marehemu baba yangu litoke bandani kwa magurudumu yake kabla ya Jumamosi jioni, la sivyo mtu wa vyuma chakavu atakuja na msumeno. Wifi, dada wa mume wangu, ameshapima banda. Anataka kuweka kuku. Kuku! Mahali pa gari la mbio!

Wenzangu waliingia ndoani na masanduku ya nguo. Mimi niliingia na gari jekundu la milango miwili, fupi kama limechuchumaa. Baba alilipenda kuliko chakula. Akafa kabla sijajifungua. Mjukuu wake hakumwona hata ukucha. Nataka mtoto asikie angalau ule mngurumo. Ndiyo mpango wote. Sijamwambia mtu, watanicheka.

Mchana nimeingia garini, mwanangu mgongoni. Nimesogeza kiti mbele, maana baba alikuwa mrefu kama mlingoti na mimi ni kipande cha mtu. Nimezungusha ufunguo. Kimya. Betri ilikufa zamani.

Ila harufu ya sigara yake ni mbichi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Kiti kimerudi nyuma! Mpaka mwisho! Nimemlaumu mume wangu. Ameapa hajakanyaga bandani, eti panamtia baridi. Mwanamume mzima! Nimekisogeza mbele tena.

Nimemleta fundi wa mashine za kusaga. Tumepatana nitamfulia ovaroli. Akafungua injini, akachungulia kwa tochi, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Kisha akasema polepole, "Dada, humu hamna pistoni." Hata moja. Zimeibiwa, limebaki ganda.

Nikajua papo hapo ni nani. Wifi!

Jumatano, 6 Machi

Nimemshtaki wifi mbele ya mama mkwe na majirani. Nimemtaka arudishe pistoni za baba yangu kabla jua halijazama. Akauliza pistoni ni kitu gani. Nikamwambia asijitie ujinga. Akasema, "Wifi, hata wewe huzijui." Kweli sizijui, lakini hilo halikuwa swali. Nimepekua chini ya kitanda chake. Pistoni hakuna, ila nimekuta viatu vyangu vya harusi. Haya! Nani mwongo sasa?

Jioni mwanangu alinitoroka kwa kutambaa. Nimemkuta mlangoni mwa banda, anakipungia mkono kiti cha dereva, anacheka kile kicheko cha kutekenywa. Kioo cha upande ule kilikuwa na ukungu kwa ndani, kama mtu ametoka kukipumulia. Nimeufuta kwa upindo wa gauni. Ulikuwa vuguvugu.

Kiti nyuma tena.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda duka la vipuri kuulizia pistoni. Muuzaji akauliza gari gani. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika kaunta. Kumbe injini ya namna ile haikuzaliwa na pistoni! Ndani mna kipande cha pembe tatu kinachozunguka tu, kama mtoto anayecheza peke yake, na kunywa oili ndiyo kawaida yake. Amesema inataka betri, mafuta mapya na plagi safi, basi. Betri ameniazima, kwa huruma ya mtoto.

Nimempigia wifi magoti, nimemwomba radhi. Moyoni bado naona alizichukua.

Nikaingia bandani kumimina oili. Boneti ilikuwa ya moto. Betri haijafungwa, jua halifiki mle, na boneti ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikasema, "Shikamoo, baba." Adabu tu. Sikungoja kuitikiwa. Nilitoka mbio, kandambili nikaziacha kulekule.

Jumamosi, 9 Machi

Mtu wa vyuma chakavu amewahi, msumeno begani. Fundi amebadili plagi, ametia mafuta. Betri alikuwa bado ameipakata, anatafuta spana kwa macho. Mimi kwenye usukani. Nikagusa ufunguo, kujizoeza tu.

Likawaka.

Moshi wa bluu! Mlio wa kukatakata, bra-bra-bra, banda zima likatetemeka. Fundi akaitazama betri mikononi mwake, akailaza chini taratibu kama mtoto wa watu, akaondoka bila kuaga. Mwanangu, kifuani kwa baba yake, akapiga makofi. Nililia. Baba, unamwona mjukuu wako?

Ndipo kiti kikateleza nyuma. Chenyewe, na mimi juu yake. Miguu ikaning'inia. Breki siifikii, hakuna ninachofikia! Usukani ukajizungusha, gari likatoka bandani, likampita wifi kwa upana wa kidole, likawasha taa ya kulia kabla ya kukata kona. Baba alikuwa dereva mstaarabu. Tukazunguka mtaa mzima. Likasimama getini, likajizima.

Majirani wakanipongeza kwa kujua kuendesha. Nikashukuru.

Jumapili, 10 Machi

Kikao cha familia. Mama mkwe amesema ahadi ni ahadi: gari limetoka, hakuna wa kulikata. Ila lifungwe mnyororo na asiliguse mtu. Shangazi, dada yake baba, amekuja kwa ajili hiyo tu. Amenishika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, mwache kaka yangu apumzike. Na mtoto usimsogeze pale kabisa." Nimelia kwa toba. Nimekubali kila neno. Nimeapa.

Halafu nikakaa nikafikiri. Kosa langu ni moja tu: nilimkalia baba kwenye kiti chake. Nani asingekasirika?

Ufunguo wa kufuli wamemkabidhi mume wangu. Mume wangu, kwa vile husahau, amenikabidhi mimi. Kesho wakishatoka nitakaa kiti cha abiria, mtoto nimempakata. Nitamvalisha nepi mbili. Safari ya kwanza na babu yake, huwezi kujua atatupeleka mpaka wapi.