Wadachi wa Ibra

Kwa furaha isiyo kifani, ofisi ya nasaba ya Ibra, Omani, ilitangaza kuwa mababu wa Kidachi sasa watatafutwa kitaalamu, na watu wa Sur na Nizwa wasione wivu. Kila mwenye babu Mdachi alitakiwa alete nakala nne za babu huyo.

Mradi aliubuni mudiri mwenyewe, mkuu wa ofisi hiyo, Bwana Marhoun. Babu yake alikuwa na duka Tabora zama za utawala wa Wadachi, akiitwa Salim Mdachi, na Marhoun aliamini ni damu hiyo inayomfikisha kazini saa nne na nusu kila siku bila kuchelewa. Kifungu cha saba cha waraka wake kilikuwa kikali: mtumishi atakayedai babu, nchi ya babu ikamkana, atasimamishwa kazi mpaka azaliwe upya kwa nyaraka.

Bi Kuruthum alifika dirishani na jambo moja tu moyoni. Marehemu mamake alizaliwa Tabora, baba yake fundi wa reli, na maisha yake yote watu walimwita mtoto wa kuokotwa. Bibi alitaka, kabla hajafa, aone kwa maandishi kwamba fundi yule alikuwapo, mtu aliyezaliwa na mama na baba kama watu.

"Shikamoo, bibi," alisema Israa, karani aliyejifunza Kiswahili kwenye simu.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta babu yangu, Mjerumani. Henriki Bekeri, mzaliwa wa mji wa Lubeki."

Israa akapekua orodha. "Sisi tuna Wadachi tu."

"Mdachi ndiye huyo huyo Mjerumani."

Marhoun akageuka na kiti chake cha kuzunguka. "Bibi, usituletee mataifa mapya. Muamala wako umekataliwa. Na mji nani kakuuliza? Babu hutafutwa kwa nchi."

"Haya, mwanangu. Mungu akupe babu."

Nyumbani, jirani yake Badria akawaandikia wasajili wa Lubeki wenyewe, maana Wajerumani vizazi vyao huviandikisha mji kwa mji. Cheti cha kuzaliwa cha Henriki kikaja. Baba seremala, mama akiitwa Ana. Bi Kuruthum akataka asomewe tena hapo penye Ana.

Mafaili ya ofisi nayo yalisafiri. Simu ya Israa ilimwambia Mdachi ni Mholanzi, kwa hiyo Wadachi wote wa Ibra wakapelekwa Uholanzi. Jibu lilikuwa la adabu: Uholanzi haimjui Salim wala duka lake, na inawatakia siku njema. Kifungu cha saba kikamtafuta mtu wa kumshika, kikamkuta aliyekitunga.

Alhamisi alasiri Marhoun alibisha kwa Bi Kuruthum, na bakuli la halwa mkononi.

"Shikamoo, bibi. Huyo babu yako, hakuwa na ndugu mwenye duka?"

Bibi akaipokea halwa, akaiweka ndani, akarudi mlangoni.

"Wako kazaliwa mji gani?"

"Mji nitaujuaje mie? Huko huko Udachini."

"Hapa tuna Wajerumani tu, mwanangu," akasema, akiurudisha mlango taratibu. "Na leo Alhamisi, kesho na keshokutwa mapumziko. Njoo Jumapili, na nakala nne."