Kisigino cha Uongo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mwezi wa tano sasa mwili umenigomea. Mimi, Jamaludin, mwenye nyumba tatu Mkomani! Mchana niko imara. Nikibaki chumbani na Mahfudha, mke wangu niliyemuoa miaka ishirini na sita iliyopita, kimya. Nimeshasingizia mgongo, joto, na habari za redioni. Leo simu imenionyesha tangazo: mashine ya mawimbi ya mshtuko. Inagonga mahali palipolala, damu inaamka. Iko Nairobi. Kwenda Nairobi nitamuaga Mahfudha vipi? Ghafla nikamkumbuka Gakii, yule mwanamke mpangaji wangu wa chumba cha chini. Anawatibu wavuvi visigino kwa mashine ya jina hilohilo. Subhanallah! Dawa iko ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeanza kuchechemea. Gakii akanibonyeza kisigino. Nikalia vizuri sana. Akapaka jeli, mashine ikagonga kama fundi anayechonga mlango. Kisigino kilichokuwa kizima sasa kinauma kweli! Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama yaweza kutumika juu zaidi. Akauliza, gotini? Nikasema juu zaidi. Nyongani? Nikasema basi, rafiki amepona.

Jumatano, 8 Oktoba
Abdulghafur, jirani yangu, hajawahi kunitakia mema. Leo ametangaza barazani kwamba naenda msikitini nikichechemea mguu wa kushoto na kurudi nikichechemea wa kulia. Nikasema maumivu yanahama. Watu wakacheka. Mbaya zaidi, amemwambia mkewe kuwa kila siku najifungia na mpangaji, na mkewe amemwambia Mahfudha. Chakula cha jioni kimeletwa. Wali hauna hata chumvi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Yamenikuta. Gakii alitoka kupokea simu. Nikabaki peke yangu na mashine. Sikuvua kikoi, nina heshima zangu. Nikapaka jeli juu yake, nikaelekeza, nikabonyeza. Kumbe ilikuwa bado kwenye nguvu za kisigino cha nahodha fulani! Yaa Rabbi! Ukelele wangu umesikika mpaka Langoni, naapa.

Mlango ukafunguliwa. Mbele Gakii. Nyuma yake Mahfudha, ameshuka kuja kujionea kwa mato yake mwenyewe yule aliyemdhania mke mwenziwe.

Gakii akasema, akiutazama ukuta, kwamba mashine ile ni ya kano za miguu. Zinazotumika kwa tatizo langu ni nyingine, zinashikwa na daktari bingwa baada ya vipimo, na hata hizo hazimfai kila mtu. Akaongeza kwamba nikiigusa tena anahama.

Mahfudha akanipandisha ngazi mpaka juu.

“Nilidhani umeoa,” akasema. “Miezi mitano nalia peke yangu. Nasema Jamaludin amenichoka. Kumbe wewe wapigana na mashine?”

Nikamwambia niliona haya.

“Haya kwangu mimi? Mimi niliyekuzalia wana wanne?”

Nikalia. Kidogo tu. Na yeye akalia, kisha akakumbuka jeli kwenye kikoi, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipoona acheka, moyo wangu ukatua.

“Jumamosi twenda kwa daktari,” akasema, akinishika mkono. “Na ukichechemea ndiani tukienda, nakuwata papo hapo, narudi nyumbani peke yangu.”

Jumamosi, 11 Oktoba
Daktari Cherotich amenitoboa kidole. Sukari! Imepanda muda mrefu bila mimi kujua, na imeanza kuharibu mishipa ya damu. Ndiyo chanzo, huenda. Aliuliza maswali mengi. Mahfudha akayajibu yote, na mengine ambayo hayakuulizwa. Nilitamani sakafu inimeze. Amri: vidonge asubuhi na jioni, hakuna halwa, na kutembea hatua elfu nane kila siku. Simu itahesabu. Nirudi nayo baada ya wiki mbili. Habari ya mawimbi tutaizungumza na bingwa baadaye, sukari ikishatulia. Mahfudha ameweka kihesabu-hatua kwenye simu yangu kwa mkono wake. Njiani alinishika mkono mbele za watu! Abdulghafur aliona. Alhamdulillahi.

Jumanne, 14 Oktoba
Hatua elfu kumi na moja, mia nne sitini na mbili! Mahfudha ameisoma simu mara mbili. Akasema huyu ndiye mwanamume aliyemuoa, kisha akaniwekea kiti na maji ya kuoshea miguu, maana lazima imechoka.

Haijachoka. Tangu asubuhi nilikuwa barazani nimeikunja, na kipande cha halwa kando, kidogo, cha kuondoa uchungu wa vidonge. Simu ilikuwa imefungwa chini ya shogi, ule mfuko wa mizigo mgongoni mwa punda wa Bwanamkuu, anayebeba mchanga kutoka gatini. Mnyama hodari! Kesho nitamwomba Bwanamkuu ampitishe Matondoni, kule mbali. Tukifika elfu kumi na tano, Daktari Cherotich mwenyewe atanisifu. Na wallahi, tayari nahisi mwili unapata nguvu.