Hotuba ya Kufungua Kambi ya Karavani Uani kwa Mama Philomène

Mheshimiwa Waziri, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Waziri, ambaye hakuweza kufika kwa sababu zilezile. Mheshimiwa Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye naye hayupo ila kiti chake mnakiona hapa mbele, na ninaomba yule mbuzi afungwe mbali nacho. Padri wetu mpendwa, aliyepita kwa baiskeli na kutupungia mkono bila kusimama. Mama Philomène, mpika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, asiye na mpinzani na mwenye uwanja huu tunaoukanyaga. Kina mama wa soko la Kikula. Mafundi wa kampani kule Panda mlio katika mapumziko ya Jumapili. Wananchi wote wa Jadotville, mji ambao mkiwa peke yenu mnauita Likasi: kila mwenye cheo ajione ametajwa, na asiye na cheo avumilie kama tunavyovumilia wengine.

(Makofi mawili. La pili lilikuwa la kuua mbu.)

Mimi ni Hilaire, Directeur wa Huduma ya Mapumziko ya Porini, Idara ya Karavani, na ninasimama mbele yenu juu ya kreti hili la bia kwa furaha ya kihistoria na ya kiutawala, kuwasomea rapport ya miezi saba ya kutafuta, kuchunguza, kupima na kuorodhesha mahali pa mbali, pasipo waya wa umeme wala bomba la maji, panapofaa kusimamisha karavani, yaani hii nyumba ya bati yenye magurudumu mawili mnayoiona nyuma yangu, nusu uani na nusu barabarani, ambayo haikukwama kama wasemavyo wenye wivu, bali imesimama kwa adabu ikingoja Mama Philomène atamke kama inaingia au inarudi ilikotoka.

(Sauti: "Ilikwama, directeur! Ilivunja lupango ya mama!" Kicheko kirefu.)

Ua utajengwa upya, hilo limo katika programme. Nawaarifu pia kwamba Casimir, dereva wa kamionete iliyotuvuta, amekwisha kufungua mnyororo na kwenda zake kubeba makaa, kwa hiyo suala la kurudi tulikotoka limebaki katika hatua ya nadharia. Na mke wangu Clotilde yumo ndani tangu asubuhi, pamoja na watoto watano, na ametangaza rasmi kwamba hatatia mguu chini mpaka asikie neno la mwenye uwanja kwa masikio yake mwenyewe, maana maneno yangu, anasema, ameshayasikia ya kutosha.

(Dirisha la karavani linafunguka kidogo. Linafungwa.)

Sasa tuingie katika takwimu. Huduma imetembea kilomita mia tatu na kumi na mbili, ambazo arobaini kati yazo ni za kurudi kufuata kofia yangu, na imegundua kwamba asilimia tisini na nne ya pori letu haina umeme, haina bomba na haina kelele, ushindi mkubwa ambao nchi nyingi za Ulaya zingeuonea gere. Asilimia sita iliyobaki ina wenyewe, na hao ndio waliotufukuza.

Tulianza Tshangalele, ukingoni mwa ziwa. Mahali pa ajabu, ndugu zangu: maji mpaka macho yachoke, ndege weupe, upepo wa bure. Mimi mwenyewe, kwa uwezo wangu wa kitaalamu, nilichagua kipande cha ardhi kilicho laini kuliko vyote, na magurudumu yakazama mpaka mlangoni. Wavuvi walikuja kutusaidia, wakaona paa letu ni safi na lina joto zuri, wakalianikia samaki. Kwa siku tisa Huduma ilikuwa chini ya samaki, na hata leo, mkisogea karibu, mtaisikia harufu ya utafiti.

(Sauti: "Tunaisikia toka asubuhi!")

Asante. Kutoka hapo tulipanda kwenye uwazi mmoja uliofyekwa vizuri, mrefu, ulionyooka, wa kugeuza karavani bila shida. Nilijipongeza kwa rapport ya kurasa kumi na moja. Kumbe uwazi ule ulifyekwa kwa ajili ya nyaya nene zitokazo bwawani kwenda mitamboni, na umeme wote wa dunia ukawa unavuma juu ya vichwa vyetu huku Clotilde akitafuta kiberiti chini. Vigezo havikuvunjwa: umeme ulikuwepo, lakini haukuwa wetu.

(Kicheko. Mzee mmoja: "Njo vile hata kwetu, unapita tu juu!")

Halafu barabarani tukakuta kizuizi. Mnajua siku hizi, tangu Katanga yetu ijitenge iwe nchi, kila daraja lina bunduki. Askari jandarme akauliza, munabeba nini ndani mule? Nikavuta tai, nikamjibu kwa sauti ya kiserikali kwamba sisi ni watalii. Wakafungua. Wakatoa magodoro, sufuria, picha yetu ya arusi na kuku mmoja. Yule jandarme akamshika kuku, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda, akasema, "Tata, watalii banatembeaka na kuku?" Nikasema kuku ni wa utafiti.

(Kicheko kikubwa. Dirisha linafunguka wazi. Clotilde: "Baba Rosalie! Acha ile mambo ya kuku. Sema ile ya barua.")

Mheshimiwa dirisha, suala la barua liko mwishoni mwa ajenda.

(Clotilde: "Mvua iko inakuja. Sema.")

Kweli, wingu lile si la kuchezea. Basi naruka kurasa sita za kujisifu, ambazo zilikuwa nzuri sana.

Mnanifahamu. Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa ghala la vipuri kule Panda, na msumari haukupotea mikononi mwangu. Nilikuwa na nyumba ya matofali ya kampani, bomba mlangoni, taa katika kila chumba, na posho ya unga kila juma. Mzungu aliyekuwa jirani ya ghala alipokimbilia Rhodesia aliniachia ufunguo wa karavani hii, akasema atarudi baada ya majuma mawili. Kisha akaja bwana mmoja kutoka Elisabethville, amevaa tai nyekundu, akaizunguka mara tatu, akasema nchi mpya inahitaji utalii, utalii unahitaji Directeur, na Directeur ni yule mwenye ufunguo. Acha kazi leo, akasema, barua ya cheo inakufuata.

Kila mtu wa Panda anajua sheria ya kambi ya kampani, hata mtoto anayejifunza kutembea: kazi ikiisha, nyumba inarudi. Clotilde aliniambia, ngoja kwanza barua ifike. Mimi nikamwambia kwamba wanawake hawaoni mbali. Nikaandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko wa mapambo, nakala mbili, na muhuri nikaugonga mwenyewe, kwa sababu ulikuwa juu ya meza yangu.



Barua ya cheo haikufika. Ile niliyomsomea mke wangu siku ya kukabidhi nyumba niliiandika mimi. Alijua tangu mstari wa kwanza, anaujua mwandiko wangu, na bado alikunja magodoro akapanda. Sikuwa nikitafuta mahali pa watalii, ndugu zangu, bali pa kulaza watoto. Kila tulipofukuzwa nilipaandika katika daftari kuwa pamechunguzwa. Naona haya. Hata tai inaona haya.

(Mama Philomène anasimama, anajifuta mikono kwenye kitenge. "Weye Hilaire. Miezi saba unatafuta fasi yenye haina umeme, haina maji. Kikula hii ulikuwa unaipita kila siku, unaenda wapi? Juu ya nini haukuniuliza?")

Mama, nilikuwa na cheo.

("Na ile cheo, iko ao hapana?")

Hapana, mama.

("Basi ingia. Lupango utaijenga kesho, na ile kibao ya Directeur kwa mulango, toa. Watu batakuja hapa kuomba kazi." Makofi, vigelegele. Vijana na mafundi wa Panda wanashika karavani nyuma.)

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa tai hii. Mama, ukiitaka, inafaa kufungia mbuzi. Nahitimisha. Mapumziko ya Porini! (Sauti: "Juu!") Karavani! ("Sukuma!") Katanga na utalii! ("Sukuma kwanza!") Kwa niaba ya Waziri ambaye hajawahi kusikia jina langu, ya Mwakilishi niliyemtunga jana nikinyoa ndevu, na ya kiti ambacho ni cha jikoni kwetu, nawashukuru kwa kuja kwa wingi kuufungua mradi ambao haukuwahi kuwepo hata siku moja. Kushoto kidogo, jamani. Hapo. Wekeni jiwe chini ya gurudumu.

Mama Rosalie, shuka sasa. Tumefika.

(Mlango unafunguka. Kwanza inatoka sufuria.)