Saa ya Marehemu Yeremia

Makarius alipoteza mteja kwa sababu ya kifundo chake cha mkono. Ndivyo alivyotueleza mwenyewe, na katika mambo yote aliyowahi kutueleza, hili ndilo pekee ninaloliamini.

Mteja alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyesimama Mikumi kula nyama choma, akasikia kuna mtu ana eneo zuri la kujenga hoteli ya watalii. Makarius alikuwa nalo. Makarius siku zote alikuwa nalo. Alichokosa ni hati. Mimi ninayesimulia nilinunua kwake nusu eka mwaka juzi, na mpaka leo majirani zangu kule ni tembo, ambao hawautambui umiliki wangu. Kwa hiyo sina haki ya kumcheka mtu yeyote katika kisa hiki, ila nitacheka kidogo.

Mteja alisikiliza habari za mandhari, za maji, za twiga wanaopita dirishani. Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye mkono wa Makarius, yakatua juu ya saa ya plastiki.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe unauza maeneo ya mamilioni, halafu unavaa saa ya mtoto wa shule?"

Akanawa mikono, akapanda gari lake, akaenda zake Iringa.

Mtu mwingine angejifunza kutafuta hati. Makarius alijifunza kutafuta saa. Mpya ya kifahari hakuiweza, lakini kwenye simu aligundua kwamba duniani kuna watu wanaouziana saa kuukuu za Uswisi, na kwamba saa, tofauti na binadamu, kadiri inavyozeeka ndivyo inavyoheshimika. Akajiunga na kundi lao mtandaoni. Kwa wiki mbili akasoma kwa bidii ambayo walimu wake hawakuwahi kuiona. Alijifunza kufungua mfuniko wa nyuma na kutazama mashine. Alijifunza kwamba uso wa saa ya kweli hubadilika rangi polepole kwa miaka mingi. Na somo la mwisho lilimfurahisha kuliko yote: kabla hujanunua saa, mnunue kwanza muuzaji. Chunguza ni nani, kwa sababu mtandaoni kumejaa matapeli.

"Watu wabaya sana hao," Makarius alisema, na hakuwa anatania.

Siku moja akakutana na tangazo. *Saa ya marehemu baba. Alituambia ni ya Uswisi. Haitembei. Thamani yake hatuijui, tunaomba laki sita. Kilosa.* Pichani ilionekana saa ya dhahabu yenye uso uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, na jina la kampuni ambalo Makarius aliweza kulitamka kwa namna tatu. Kwenye kundi, saa ya jina hilo iliuzwa milioni nane. Aliangalia ile rangi ya chai akatikisa kichwa. Bandia haizeeki hivi, alijiambia. Hakukumbuka kwamba hata uongo, ukiuweka miaka thelathini, unaota mvi.

Kisha akamchunguza muuzaji. Aliwapigia watu watatu Kilosa. Wote walimwambia yaleyale: Bi. Magreti, mjane wa Yeremia aliyekuwa karani wa ghala la pamba, anakaa nyuma ya reli na binti yake Happyness, anaimba kwaya ya Anglikana, hajawahi kumdhulumu mtu hata kibaba cha mahindi. Makarius akajisikia kama fisi aliyeambiwa kwamba mwenye mbuzi ni mcha Mungu na mlango hauna komeo.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi la Kilosa. Alivaa shati jeupe na jina jipya: Mwalimu Samson wa Kilangali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sogea huku, hapo juu panavuja."

Alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa. Alimkaribisha chai, akamtolea saa ndani ya leso. Makarius akaipokea, akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Mafuta yameganda, akawaza, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kwa niaba ya saa. Lakini uso aliukunja.

"Mama, nisikufiche. Hii saa ni bandia."

Bi. Magreti alikuwa anataka kusema neno. Akalimeza. "Bandia?"

"Bandia kabisa. Mimi saa hizi nazijua. Sipendi mama yangu ukae ukidhani una mali."

"Marehemu alisema ni ya Uswisi."

"Marehemu walimdanganya, Mungu amrehemu."

Bi. Magreti akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Sasa kama ni bandia, wewe mwalimu unaitakia nini?"

Swali hilo Makarius hakulitegemea. Lakini hakuna swali lililowahi kumkuta bila jibu, hata kama jibu lenyewe lilimkuta bila akili.

"Marehemu baba yangu alikuwa nayo kama hii hii," akasema. "Nayo ilikuwa bandia. Tulimzika nayo." Machozi yakaja. Machozi ya Makarius hayakuwahi kuwa na mgawo. "Nataka nikiitazama nimkumbuke. Nina laki mbili, mama."

"Pole, mwanangu." Bi. Magreti akamsogezea kiazi kitamu. "Baba alikusomesha?"

"Mpaka chuo cha ualimu, mama."

"Akakulisha?"

"Sana."

"Halafu kumbukumbu yake unaiwekea laki mbili."

Makarius akameza kiazi. Akajaribu laki tatu, akajaribu nne. Kila alipotaja bei, Bi. Magreti aliuliza jambo lingine la marehemu baba yake: kama alimbeba mgongoni alipougua, kama alimnunulia viatu vya shule. Baba wa uongo aliendelea kuwa mwema, na bei ikapanda naye. Walipatana laki sita na nusu. Ile hamsini, Bi. Magreti alisema, ni ya upendo.

Mfukoni Makarius alikuwa na kisu kidogo cha kufungulia mfuniko, na somo la kundi lilikuwa likimwasha vidoleni. Akakiacha. Anayenunua takataka kwa huruma haombi kuona mashine. Angeufungua mfuniko, mama angejua kwamba mgeni ana matumaini.

"Jambo moja, mwalimu," Bi. Magreti akasema. "Mimi mjane. Watu wana maneno. Usije kesho ukasema nilikuuzia saa bandia."

"Mama, mimi?"

"Wewe siyo. Lakini tuandike."

Happyness akatumwa kumwita mwenyekiti wa mtaa, Bwana Ashrafu, mzee wa kanzu aliyekuja na muhuri wake kwenye mfuko wa nailoni. Bi. Magreti aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa mviringo wa shule za misheni: *Mimi, Mwalimu Samson wa Kilangali, nimenunua saa bandia, nikijua ni bandia, kwa hiari yangu, na sitadai kitu.*

Bwana Ashrafu akasoma kwa sauti, akashusha karatasi, akasoma tena kimoyomoyo.

"Kijana, una akili timamu?"

"Ninazo, mzee."

"Hakuna anayekulazimisha?"

"Hakuna."

"Basi tia saini. Duniani kuna mengi."

Makarius akatia saini huku anaumwa mbavu kwa kicheko alichokibana. Ndani ya basi la kurudi aliivaa saa, akaning'iniza mkono nje ya dirisha hadi Mikumi.

Pale stendi ya Mikumi yuko fundi saa anayeitwa Kasiani, mtu wa maneno machache. Makarius alimwekea saa mezani kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Isafishe tu mafuta, fundi. Polepole. Mashine ya Uswisi hiyo."

Kasiani akabandua mfuniko. Akatazama. Akamgeuzia Makarius aone. Katikati ya kile chombo kipana cha dhahabu kilikaa kidude cha plastiki, kidogo kama punje ya mahindi, kimeshikizwa kwa gundi ili kisicheze.

"Mafuta ya wapi?" Kasiani akauliza. "Hii ya betri."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Na dhahabu yenyewe ni rangi." Akachomoa betri iliyooza, akapachika mpya. Mshale ukaanza kutembea, tiki, tiki, bila aibu yoyote. "Elfu mbili."

Makarius anasema alikaa kwenye kibenchi cha pale stendi mpaka fundi akamwomba apishe wateja. Hakuumia kwa pesa tu, anasema. Alikuwa anahesabu uongo wote aliousema nyuma ya reli: jina, ualimu, Kilangali, baba, kaburi. Katika yote, neno moja tu lilikuwa kweli, na alilisema kwa kubahatisha.

Kesho yake alirudi Kilosa akiwa na hasira kamili. Alipokaribia nyumba alisikia nyundo. Mafundi wawili walikuwa juu ya paa, mabati ya zamani yametupwa uani, mapya yanang'aa mpaka mtu anafumba macho.

"Karibu, mwalimu," Bi. Magreti akasema. "Kilangali hawajambo? Kaa huku, huko misumari inadondoka."

"Shikamoo mama." Hasira haikumsahaulisha adabu. "Mama, saa ni bandia."

"Ndiyo. Tuliandika."

Makarius akapiga hesabu. Aende polisi? Angeanza na jina gani?

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, Yeremia aliinunua Dar es Salaam mwaka tuliooana, kwa pesa tuliyoweka ya mabati. Alikuja kugundua baada ya miaka miwili, ilipozima, akaona aibu hata kuivaa. Tukanunua mabati mabovu ya mtu, nikavujiwa tangu hapo. Nilipomwambia Happyness aitangaze niliweka bei ya paa tu, sikutaka faida. Na ile ya upendo imenunua misumari."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nataka kukuambia. Siwezi kumuuzia mtu kitu kibovu hivihivi, mimi ni mwanakwaya." Akammiminia chai. "Ndiyo nafungua mdomo, ukaniwahi."

Makarius akanywa chai. Anasema ilikuwa na tangawizi, na ilikuwa chai nzuri sana.

"Mwalimu," fundi mmoja akaita kutoka juu. "Tupandishie hilo bati."

Makarius akakunja mikono ya shati, akalipandisha.