Bi Mkubwa na Ufunguo Kibogoyo

Jumatano, tarehe 4 Machi

Hukumu imetolewa mezani, kabla sijamaliza chai. Banda ni moja, magari ni mawili. Mdogo wa mke wangu amehamia kwetu hadi nyumba yake ipauliwe, na gari lake jipya linaungua jua uani. Gari langu kuukuu, Bi Mkubwa, linastarehe kivulini. Mke wangu amesema Jumamosi anakwenda kwa dada yake. Bi Mkubwa akiwaka kwa ufunguo, bila kuserereshwa mteremkoni, ndiye atakayempeleka, na banda litabaki lake. Asipowaka, Jumatatu atachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Bila mteremko! Bi Mkubwa hajawaka bila mteremko tangu kitinda mimba wetu aote meno. Marafiki zangu wote wanakaa vilimani. Wa bondeni tulishaachana.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimejaribu hoja. Nimemwambia mke wangu usiache mbachao kwa msala upitao. Amejibu kwamba mbacha haumwagi oili sakafuni.

Shemeji akapata nafasi ya kuringa. Gari lake halina hata tundu la ufunguo. Ufunguo ukiwa karibu, unabonyeza kitufe, linawaka. Buti nalo hufunguka lenyewe ukipitisha mguu chini yake. Nikamwonyesha taa za Bi Mkubwa: za mviringo, wazi, kama macho ya mtu aliyelelewa. Taa za lake zimefinywa kama macho ya anayesikiliza umbea. Tena gari lenyewe husema! Sauti ya kike humwamuru afunge mkanda. Nikamwambia mwenye mke hahitaji kununua kero ya pili.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nimekula peke yangu.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Nimepata! Gari la shemeji lisipowaka, mke wangu atapanda Bi Mkubwa, kwa mteremko au bila mteremko, na atashukuru. Shemeji alipoingia kuoga, nikauchukua ufunguo wake juu ya friji. Kitu cheusi, hakina jino hata moja. Kibogoyo! Nimeuficha ndani ya Bi Mkubwa, kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya kitambaa.

Nitalala fofofo.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Shemeji alikung'uta suruali zote. Nikamsaidia kutafuta, hata ndani ya sufuria. Mke wangu akapumua kwa nguvu, akasema basi, nimlete huyo Bi Mkubwa wangu. Ushindi!

Sijasimama, shemeji akaingia garini mwake, akabonyeza kitufe kwa kukata tamaa. Likawaka. Banda letu ni paa na nguzo tu, na magari yalikuwa ubavu kwa ubavu: kibogoyo alikuwa karibu mno! Shemeji akasema kumbe aliuacha humo humo. Akanipungia mkono: “Shemeji, nisalimie Bi Mkubwa!” Wakaondoka. Nilibaki nimeshika sufuria.

Saa sita simu ikalia. Walisimama kununua mkate mbele ya duka la mbao, shemeji akazima injini, na sasa gari limegoma. Limeziba lango. Dereva wa lori la mbao anawauliza kama wamekuja kununua au kuhamia. Mke wangu akasema: “Baba watoto, njoo. Njoo sasa hivi.”

Gari limezimwa, na ufunguo wa kuliwasha tena uko ndani ya Bi Mkubwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilimtumbukiza mke wangu. Nikamwachia Bi Mkubwa mteremko wa nyumbani. Akakohoa, akakohoa tena, akawaka! Nikafika, nikaegesha kando yao, na papo hapo gari la shemeji likaamka, vioo vyake vya pembeni vikachomoza kama masikio. Shemeji akabonyeza. Likawaka. Dereva wa lori akapiga makofi.

Shemeji akauliza nimelifanya nini. Nikamjibu kwamba linaheshimu wakubwa.

Kwa majivuno nikawa nimeshazima injini. Mahali tambarare! Safari ya kwa dada ikafa, tukarudi nyumbani tumefungwa kamba nyuma ya gari la shemeji. Nilijua yamekwisha. Lakini mke wangu alipanda kwangu, si kwa mdogo wake. Njiani akasema: “La kwake liliniacha. Lako lilikuja.” Bi Mkubwa anabaki.



Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja, amerudi mikono mitupu. Nimemwagia maji matairi ya Bi Mkubwa kwa furaha.

Wakati wa chai mke wangu akaweka mezani kitambaa chake cha jikoni, na juu ya kitambaa, kibogoyo. Aliviona Jumamosi njiani, alipofungua kisanduku akitafuta leso. Nikafumba macho, nikangoja radi. Hakuna. Akasema ameshamwambia mdogo wake kwamba ufunguo ulikuwa chini ya friji, na kwamba nikiugusa tena, vyuma chakavu vitachukuliwa pamoja na mwenyewe. Akanimiminia chai. Yenye sukari! Nimesamehewa.

Nimeapa sitaugusa ufunguo ule maisha yangu yote. Nimekoma.

Jioni shemeji ameomba tupokezane banda, wiki yake, wiki yangu. Kipya kinyemi, kingawa kidonda! Nimekaa barazani nikilitazama buti lile linalofunguka kwa mguu kupita chini yake.

Paka wetu ana miguu minne. Kesho nitanunua dagaa wa kumwaga chini ya buti lile.